Kiduha na jeni ya mtama: tuanze na mmea au tuanze na jeni?

Mkulima wa mtama huhisi kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kabla hajakiona. Mtama unadumaa na kunyauka kama wenye kiu ilhali udongo una unyevu, na gugu likichomoza na maua yake ya waridi, limeshanyonya mizizi siku nyingi. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hulala ardhini miaka kadhaa zikingoja kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mtama wenyewe, jamii ya strigolaktoni. Mtama usiozigutusha mbegu hizo basi ni mali, na wataalamu wa vinasaba wana njia mbili za kuuchunguza.

Ya kwanza huanza na mmea uliobadilika, kwa maumbile au kwa mionzi. Huuchavusha na mtama wa kawaida, kisha wakafuata wajukuu mmoja mmoja mpaka jeni husika ijulikane. Ni kazi ya miaka, na wapo wanaosema imepitwa na wakati. Sikubaliani nao hata kidogo. Jeni ya LGS1, inayoamua ni strigolaktoni ya aina gani itoke mizizini, ilitangazwa mwaka 2017, na ilijulikana kwa sababu kulikuwa na mtama ambao tayari ulikishinda kiduha. Mmea ndio ulioonyesha njia.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mtama huo unatofautiana na mwingine kwa jeni nyingi, si hiyo moja tu. Ukizaa kidogo, utamlaumu nani? Swali hili ni zito, maana strigolaktoni hizohizo huita pia kuvu rafiki wanaousaidia mmea kupata fosforasi. Tukiibadilisha kemikali hiyo, huenda kuna gharama.

Hapo ndipo njia ya pili, inayoanza na jeni yenyewe kwa kutumia CRISPR, mkasi wa kukata vinasaba, inapostahili heshima. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kundi la Profesa Steven Runo limeitumia kuizima LGS1. Ukiotesha mtama huo kando ya ndugu yake ambaye hakuguswa, una mapacha wanaotofautiana takriban mahali pamoja tu, na gharama, kama ipo, itaonekana.

Lakini mkasi huhitaji kwanza kuelekezwa pa kukata. Kiduha nacho hutofautiana mahali na mahali, na kemikali isiyokiamsha huku yaweza kukiamsha kule. Siku LGS1 itakaposhindwa katika shamba fulani, itabidi mtu ainame tena kati ya mistari ya mtama ulioathirika, atafute shina moja lililobaki kijani.