Daktari wa mifugo si wa sindano za ng'ombe tu

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema mjini daktari wa mifugo hana kazi kwa kuwa hakuna ng'ombe. Hapo ameteleza. Mimi nauza nyama Busia, upande huu wa Uganda, na situndiki hata paja moja kabla daktari hajapita machinjioni. Wiki iliyopita alipasua ini mbele yangu, akabinya mirija, wakatoka minyoo bapa kama vijani vilivyolowa. Ini zima shimoni! Niliumia mfukoni, lakini nilinyamaza. Ule muhuri wa wino ambao wateja huukwangua kwa kisu ndio jasho lake.

Na Bwindi, ule msitu wa gorila kusini-magharibi mwa Uganda, je? Miaka ya 1990 Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, naye daktari wa wanyama, aliwatibu gorila wa milimani waliokuwa na upele, ugonjwa uliohusishwa na watu wa vijiji vya jirani. Mwaka 2003 akashiriki kuanzisha shirika la Conservation Through Public Health, linaloshughulikia afya ya wanyama na ya wanavijiji pamoja. Hapo ng'ombe yuko wapi?

Kwetu kinachokera ni wauza dawa wasiosomea, wanaomdunga kila mbuzi dawa ileile. Hao ndio wangeandikwa.