Homa za Moshi: kupima kirusi kisicho na dawa kuna maana gani?

Kuna swali ambalo madaktari wengi wa wodini huuliza kwa nia njema kabisa: kipimo kisichobadilisha tiba ni cha nini? Ukimpima mgonjwa chikungunya, homa ya kirusi kinachoenezwa na mbu, ukaikuta, utampa parasetamo, maji ya kutosha na mapumziko. Usipompima, utampa hayohayo. Kwa nini basi umtoboe mshipa na kumwongezea bili?

Silioni swali hili kuwa la kipuuzi. Ila kila nikilirudia nakutana na namba mbili kutoka hapahapa Moshi: 528 na 14.

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti wakiongozwa na John Crump walifuatilia watu 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Walioandikiwa malaria walipolazwa walikuwa 528, asilimia 60.7. Damu ilipochunguzwa vizuri, ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Homa nyingine zilikuwa na wenyewe. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa ya Q, brusela, na homa zinazoletwa na kupe. Miongoni mwa waliopimwa virusi vinavyoenezwa na mbu, 55 walikutwa navyo, asilimia 7.9, na wote 55 walikuwa na chikungunya. Lililonishtua kuliko yote ni hili: katika wagonjwa hao wa mgunda, wa kupe na wa chikungunya, hakuna hata mmoja ambaye daktari aliyemlaza alikuwa ameutaja ugonjwa huo miongoni mwa yale aliyoyashuku.

Siwalaumu madaktari hao. Mtu hashuku kitu ambacho hajawahi kuambiwa kuwa kipo mjini kwake. Na hapo ndipo hoja ya "hakibadilishi tiba" inapoanza kuvuja, kwa sababu inamtazama mgonjwa mmoja kitandani na kusahau kwamba daktari wa zamu anaamua kwa kukumbuka wagonjwa waliomtangulia. Kama waliotangulia wote waliandikiwa malaria, na huyu ataandikiwa malaria.

Tena chikungunya si mgeni kwetu. Jina lake limetoka kwenye Kimakonde, likieleza jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu, na ulimwengu uliufahamu ugonjwa huu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 huko uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi. Dunia nzima inautaja kwa neno la Kitanzania, halafu Moshi watu wanalazwa nao bila kutajiwa.

Kuujua kunabadilisha nini, kama hauna dawa? Kwanza, kunabadilisha vita dhidi ya mbu. Kwa miaka mingi tumefundishwa chandarua, na ni sawa, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku. Mbu wa chikungunya, Aedes, huuma mchana. Huzaliana kwenye matairi yaliyotupwa nyuma ya gereji, kwenye ndoo na madumu ya maji uani, kwenye visahani vya maua. Mama wa Pasua au Njoro anaweza kulala ndani ya chandarua chenye dawa mwaka mzima na bado akaumwa akiwa anafua saa nne asubuhi. Bwana afya wa kata ataanzia wapi kuhimiza watu kuondoa matairi, kama hakuna karatasi hata moja inayosema kirusi kipo?

Pili, kunabadilisha dawa za maumivu. Chikungunya na dengue zinafanana siku za mwanzo, na mgonjwa wa dengue akipewa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini anaongezewa hatari ya kutokwa damu. Kwa hiyo hata pasipo dawa ya kirusi, kuna dawa ya kutompa mtu. Tatu, jibu la "si kirusi" nalo ni jibu. Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, watu 20 waliugua homa na wengine walitoka damu puani, watatu walifariki. Hofu ilikuwa kubwa. Vipimo viliondoa Ebola, Marburg na UVIKO-19, kisha ikathibitishwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria ambao una dawa.

Baada ya kusema hayo, sipendi kuona kesho kila maabara ya mtaani ikibandika tangazo la kupima chikungunya. Upande wa pili una hoja nzito kuliko bei peke yake.

Kirusi chenyewe hukaa kwenye damu kwa takriban wiki moja tangu homa ianze. Ndani ya siku hizo kinaweza kunaswa kwa kipimo cha vinasaba, kile tulichokizoea wakati wa UVIKO-19, ambacho kinahitaji mashine, umeme usiokatika na fundi aliyefunzwa. Mgonjwa anayefika siku ya kumi, baada ya kumaliza dozi mbili za dukani, tayari amechelewa. Kwake kinachobaki ni kutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili umeziacha. Kuna zinazotokea mapema na kukaa wiki hadi miezi, na kuna zinazodumu miaka. Kuzikuta hakumaanishi kwamba homa ya leo ndiyo iliyozileta. Uhakika hupatikana kwa kuchukua damu mara mbili, sasa na tena baada ya wiki kadhaa, kuona kama zimepanda. Ni wangapi hurudi hospitali wakiwa wamepona ili watolewe damu tena?

Shangazi yangu aliugua hivi: homa siku nne, kisha vidole na viwiko vikamuuma miezi mitatu. Zahanati moja ilimtibu malaria mara mbili, mara ya pili kipimo kikiwa hakijaonyesha kitu, kwa maelezo kwamba malaria "imejificha". Leo tukimpima kingamwili na zikaonekana, bado hatutajua. Shangazi alizaliwa 1951 na utotoni aliishi Musoma, na kati ya 1959 na 1962 kirusi kiitwacho o'nyong'nyong, ndugu wa karibu wa chikungunya, kilianzia Uganda na kusambaa Afrika Mashariki. Kingamwili za ndugu hawa wawili huchanganywa kirahisi na vipimo. Damu yake inaweza kuwa inasimulia homa ya miaka sitini iliyopita.

Halafu kuna hesabu. Chukua kipimo kinachopatia mara 95 kwa 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Katika watu 1,000 wenye homa, 80 wakiwa na chikungunya, kitawakamata 76, na kitawasingizia 46 wasio nayo. Sasa uje msimu ambao wenye nayo ni 5 tu kwa 1,000: kitawakamata hao 5 na kusingizia karibu 50. Kipimo ni kilekile, fundi yuleyule, lakini karatasi kumi kati ya kumi na moja zitakuwa za uongo. Tumeshaona haya kwa Widal, kipimo cha homa ya matumbo (taifodi) kinachofanywa mara moja tu na kumtoa mtu dirishani na "taifodi" na mfuko wa antibiotiki. Sitaki chikungunya iwe Widal mpya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kupima kwa ajili ya kumtibu mtu na kupima kwa ajili ya kuujua mji ni kazi mbili, na kosa letu ni kuzilipia kwenye dirisha moja. Kazi ya kwanza mgonjwa au bima yake wanaweza kuibeba. Ya pili ni ya umma, na haihitaji kila mtu atobolewe. Wachaguliwe wachache wenye homa kila wiki, waliofika ndani ya siku tano, wakiwa wameelezwa na kukubali, damu yao ipimwe vinasaba bila wao kutoa hata shilingi. Moshi ina hospitali ya rufaa ya kanda na taasisi ya utafiti wa tiba, KCRI, kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu.

Jambo moja nisingekubali lirudiwe. Damu za 2007 na 2008 majibu yake yalichapishwa 2013. Utafiti mzuri huchukua muda, naelewa, lakini kwa daktari wa zamu miaka mitano ni sawa na kutopima. Ninachotaka ni karatasi moja ubaoni kwenye chumba cha madaktari, kila mwisho wa mwezi: homa ngapi zimepimwa, malaria ngapi, mgunda ngapi, chikungunya ngapi. Mvua za masika zikishaanza, matairi yakajaa maji, daktari aliyeisoma atakuwa na jina la pili la kuandika chini ya malaria.