Andasili mpya hainifurahishi: kutu ya uvunguni kwenye magari ya kulala

Siku hizi kila nikifungua simu nakutana na HiAce nyingine iliyogeuzwa gari la kulala. Kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sola juu ya paa, mapazia ya kitenge. Picha zinavutia, na wenye magari wana haki ya kujisifu, maana kazi ya mbao peke yake ni jasho. Ila picha zote zimepigwa ndani au pembeni, machweo yakiwa nyuma. Uvunguni hapigi mtu.

Msimamo wangu ni kwamba kempa, yaani hilo gari la kulala, huanza kutengenezwa chini, kwa tochi na nyundo, kabla hujanunua ubao hata mmoja. Na nikikuta gari limepakwa rangi nyeusi inayong'aa huko chini, mimi hupunguza bei kichwani. Wauzaji hawapendi kusikia hivi, kwa sababu kwao "imepigwa andasili mpya", yaani mpako mweusi wa kukinga uvungu, ni sifa ya kuongezea bei.

Wengi tunaihesabu kutu kuwa ugonjwa wa pwani. Si uongo. Gari linalolala Kigamboni au Nungwi huchakaa tofauti na la Dodoma, na pikapu zinazotoka soko la samaki la Feri zikidondosha maji ya barafu yenye chumvi njia nzima zina chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, za kusikitisha. Lakini kwenye gari lililoshuka melini majuzi, kutu nyingi haikuanzia kwetu. Gari limekuja nayo.

Japani si Tokyo peke yake. Kaskazini kule Hokkaido, Aomori na Akita, na upande wa Niigata na Nagano, theluji hukaa miezi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu isishike: chumvi ya kawaida na kloridi ya kalsiamu. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari. Misumari ikawa inakwangua barabara na kujaza miji vumbi, hivyo mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia, na chumvi ikaongezeka barabarani. Kloridi ya kalsiamu ina tabia mbaya ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Mabaki yake yakijificha kwenye mkunjo wa bati hayakauki sawasawa, hata gari likiegeshwa juani Mikocheni, maana hewa ya Dar ina unyevu wa kuyalisha. Ndiyo maana mtu ananunua gari lenye kutu kidogo, analiosha kila Jumamosi kwa juu, na baada ya masika kadhaa sakafu inaanza kutoboka.

Umri nao unachangia. Kenya hawapokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania hatuzuii kwa umri, tunaongeza kodi tu, kwa hiyo magari ya miaka mingi bado yanashuka. Wanaotengeneza kempa huyapenda hayo ya zamani, na nawaelewa: bei nafuu, na injini ambayo fundi wa Tunduma hadi wa Namanga anaijua. Lakini kama gari liliishi Hokkaido, kila mwaka wa ziada ni msimu mwingine wa chumvi.

Sasa njoo kwenye hiyo rangi nyeusi. Japani magari binafsi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, ukitoa ile mitatu ya mwanzo gari likiwa jipya, na gereji nyingi za huko zina mazoea ya kupuliza rangi nyeusi chini ya gari wakati wa ukaguzi. Si lazima iwe hila. Wanalipendezesha gari kama sisi tunavyopaka matairi rangi. Tatizo ni kwamba ikipulizwa juu ya kutu, kutu haifi. Inaendelea kula ikiwa imefunikwa, na mnunuzi wa pili, wa tatu, na wewe wa nne, mnaona weusi mzuri tu.

Nilimsindikiza shemeji yangu kwenye yadi moja barabara ya Bagamoyo, anataka HiAce ya kugeuza kempa ya kuzungukia Nyanda za Juu na familia. Dalali kijana, mchangamfu, akafungua boneti kabla hatujasalimiana vizuri. "Sikiliza injini hiyo, bosi. Na chini imepigwa andasili Japani, huna haja ya kuchungulia." Mtu akikuambia huna haja ya kuchungulia, tandika boksi ulale chini. Nikatandika. Ukigonga chuma kizima kwa mpini wa spana kinaitika kwa sauti kali, na mhimili wa kushoto, ile boriti ndefu ya chuma chini ya sakafu, ulikuwa unaitika hivyo kuanzia mbele mpaka katikati. Nilipofika karibu na gurudumu la nyuma sauti ikafa. Nikaegemeza bisibisi, wala sikusukuma kwa nguvu, ikazama. Gamba jeusi likainuka pande mbili, na chini yake kutu ya kahawia iliyojikunja tabaka juu ya tabaka. Kwenye tundu pakadondoka mchanga mbichi, na gari lilikuwa halijaona mvua ya Tanzania.

"Hiyo ya juujuu tu, bosi, fundi anapiga kiraka nusu saa."

"Kijana," shemeji akamwambia, "mimi naiona chapati ya kusukuma hapo, wewe unaniambia ya juujuu?"

Hatukununua. Gari lenyewe halikukaa siku nyingi pale, na sidhani kama aliyelichukua alilala chini.

Zile tabaka zinatokea kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna. Bati mbili zilizochomelewa pamoja zikiingia kutu katikati, zinasukumwa zikaachana, ufa unapanuka, maji yanaingia zaidi. Kwa Land Cruiser yenye chesesi yake ya kujitegemea, angalau unaweza kunyanyua bodi ukaishughulikia. HiAce si hivyo. Mihimili yake imechomelewa kwenye sakafu ikawa kitu kimoja na bodi, kwa hiyo mhimili ukioza, ni nyumba yote inayopoteza nguzo. Na mihimili hiyo ina uwazi ndani, imewekewa vitundu vya kutolea maji. Andasili nzito ikipakwa ovyo inaziba vile vitundu, maji yanabaki ndani, na chuma kinaoza kuanzia upande usiouona. Nimeona mihimili iliyokuwa safi kwa nje, kidole kikipita ukiubonyeza pembeni.

Mtu asidhani haya ni matatizo ya magari ya bei rahisi. Mwaka 2016 Toyota huko Marekani ilikubali kumaliza kesi ya kutu ya chesesi za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4, na magari yaliyohusika yalikaribia milioni moja na nusu. Kama chumvi ya barabarani inaifanya hivyo Tacoma, HiAce ina kinga gani?

Kwa gari la kawaida unaweza kubahatisha, ukagundua kutu baadaye, ukalipeleka kwa fundi. Kempa haikupi nafasi hiyo. Ukishaweka plaiwudi, sponji ya kuzuia joto, kapeti na makabati, fundi wa kuchomelea hawezi tena kugusa sakafu bila kuhatarisha kila kitu. Cheche zikipita kwenye tundu, zinakuta sponji na mbao, na karibu yake una mtungi wa gesi. Kwa hiyo ama unabomoa fenicha uliyoilipia, ama unaacha chuma kioze.

Halafu kempa inazaa kutu yake yenyewe. Fundi seremala anatoboa sakafu kufunga miguu ya kitanda, anaacha chuma cheupe kwenye ukingo wa tundu bila hata tone la rangi. Tangi la maji linafungwa chini ya sakafu kwa mikanda ya chuma. Kila lita ni kilo moja, hivyo tangi la lita 60 ni kama mtu mzima anayening'inia kwenye bati lile lile unaloshuku. Na usiku wa baridi wa Njombe au Lushoto, madirisha yakiwa yamefungwa, mvuke wa pumzi zenu unagusa bati la ubavuni, unakuwa maji, unateremka nyuma ya mbao hadi chini kabisa. Asubuhi unafuta kioo, unasahau kwamba upande wa pili wa mbao hakuna wa kufuta.

Gereji za kwetu zina tiba mbili maarufu, na zote nazipinga. Ya kwanza ni lami au oili chafu. Oili chafu inanata vumbi, inalainisha bushi za mpira, na mvua mbili tatu zinaiosha; lami ikikauka inapasuka, maji yanaingia kwenye nyufa na kukaa. Ya pili ni kiraka cha bati juu ya bati bovu, kikazungushiwa puti ya kujazia na kupakwa rangi. Fundi aliyekuwekea kiraka juu ya kutu amekufungia ugonjwa ndani. Beba sumaku ndogo mfukoni: ikikataa kushika mahali panapotakiwa kuwa chuma, pale kuna puti au faiba. Kuna pia kamera nyembamba za waya zinazochomekwa kwenye simu, zinapatikana Kariakoo, unaipitisha kwenye kitundu cha mhimili na kuona ndani. Sijui kwa nini wanunuzi wa magari ya mamilioni wanaona haya kubeba kitu kama hicho.

Karatasi ya mnada nayo isikupite. Gari lililopita mnadani Japani lina karatasi yenye mchoro wa gari; herufi S ni kutu, C ni kutu iliyolila bati, na mkaguzi huandika kwa maneno kama uvungu una kutu. Piga picha, acha simu ikutafsirie. Namba ya usajili ya Japani nayo huanza na jina la ofisi ya eneo, na ukikuta Sapporo, Asahikawa au Aomori, kule kwenye theluji, kwenye nyaraka, lala chini muda mrefu zaidi. Si ushahidi kamili, magari huhama mikoa. Na ukikuta Okinawa usishangilie, bahari imekizunguka kisiwa pande zote.

Ukishalinunua na kukuta kutu inayotibika, kazi ni chafu lakini haina siri. Toa tairi la spea, toa kapeti na viti, toa vizibo vya mpira vya sakafuni. Osha uvungu kwa mashine ya presha, pamoja na ndani ya mihimili, maji yatoke meupe. Acha likauke kabisa. Mtu anayepaka rangi siku hiyo hiyo anajidanganya. Kisha grinda na brashi ya waya hadi kwenye chuma. Dawa za kubadili kutu, zile zenye asidi ya fosforasi, zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyobaki kwenye vinyweleo vya chuma. Hazifufui bati lililooza, na zikimwagwa juu ya magamba zinabadili gamba la juu tu. Baada ya hapo praima ya epoksi, rangi, na ndani ya mihimili nta ya majimaji inayopulizwa kwa mpira mrefu. Andasili ndiyo iwe ya mwisho, juu ya chuma kilicho safi, vitundu vya maji vikiwa wazi. Hapo sina ugomvi nayo.

Palipooza panakatwa mpaka kwenye chuma kizima, na kipande kipya chenye unene ule ule kinachomelewa ukingo kwa ukingo. Kama fundi anatumia bati la zinki, aikwangue zinki kwanza sehemu ya kuchomelea na afanyie kazi mahali penye hewa; moshi wake unaleta homa, na yale maziwa wanayokunywa mafundi wetu hayazuii chochote.

Mabomba ya breki sitaki mjadala. Bomba la chuma lenye vipele vya kutu linabadilishwa lote, halisuguliwi msasa. Kempa iliyojaa maji, gesi, vyombo na watoto ni nzito kuliko HiAce aliyoizoea dereva, na kwenye mteremko wa Kitonga mguu unakaa kwenye breki muda mrefu.

Kuna magari ambayo ningeondoka bila kuuliza bei ya mwisho: mhimili ukiwa umetoboka karibu na pale springi zinaposhikiliwa, au bati likiwa limeoza mahali mkanda wa kiti ulipofungwa, au kiraka juu ya kiraka. Shemeji alipata nyingine baada ya miezi kadhaa, bei juu kidogo, haina rangi yoyote chini, kutu nyembamba ya rangi ya chungwa inaonekana wazi kwenye mikono ya nyuma na kwenye bolti. Muuzaji alikuwa akiomba radhi kwa uvungu kuwa mchafu. Tukamwambia ndiyo maana tunaichukua.