Jerikani ya lita 20 inatosha

Mimi nakaa ghorofa ya nne hapa Kampala, kazi yangu ni kiti kutoka asubuhi mpaka jioni, kisha boda inanichukua mlangoni inanishusha mlangoni. Mwaka jana nikaenda jimu moja, siku ya kwanza kabisa kocha akanipatia skwati 100 pamoja na watu wenye wamezoea, eti nisibaki nyuma. Kesho yake kushuka kwa taksi nilishika mlango na mikono miwili, mapaja yamekataa kukunja. Sikurudi. Na hiyo inaniuma mpaka leo, sababu mazoezi yenyewe hayakuwa na makosa.

Haya mazoezi makali ya mwili mzima, kuchuchumaa na kuinuka, kubeba kitu kizito, kupanda ngazi, unafanya kwa nguvu kidogo unapumzika unarudia, yanamfaa sana mtu wa kukaa kama mimi, maana mwili wenye ulikuwa umelala ukiuamsha unaitika haraka, baada ya wiki kadhaa pumzi inaongezeka, misuli inavuta sukari kutoka kwa damu, presha nayo inashuka kidogo. Tena hayakuli muda: WHO, shirika la afya la dunia, inasema dakika 150 za mazoezi ya kawaida kwa wiki, ama 75 kama ni ya nguvu, na siku mbili za kukaza misuli. Kitambi tu ndio kigumu, hicho kinataka upunguze na posho, yaani ugali.

Lakini ukali unapimwa kwa pumzi yako wewe, siyo ya jirani! Hii Tabata watu wanaipenda, sekunde 20 kazi, 10 kupumzika, mara nane, ilitoka kwa utafiti wa Japani wa 1996, na waliofanya walikuwa vijana wa chuo, wazoefu, juu ya baiskeli. Sasa unampatiaje mtu wa miaka 45 hajakimbia tangu shule? Misuli ikilazimishwa kupita kiasi inavunjika, uchafu wake unaingia kwa damu unaumiza figo. Ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai isiyo na maziwa usingoje, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jimu si lazima. Mzee Museveni 2020 wakati wa lockdown alipiga pushapu 30 ndani ya ofisi watu wote wakaona. Mimi nilianza na ngazi zetu, mikono mitupu, wiki mbili, alafu jerikani nusu, sasa ni lita 20 nzima mizunguko mitano, jasho mpaka kwa macho.

Mama wa duka hapo chini ana presha, aliuliza daktari wake kwanza, akaanza na kajerikani ka lita 5. Mwezi wa kwanza alikuwa anasimama kila ghorofa ameshika ukuta. Jumamosi nimemkuta kwa mlango wangu, amepanda moja kwa moja, ameweka kajerikani chini, anahema lakini anacheka, "Mwanangu, hebu leta maji ya kunywa, alafu kesho nijazie ile ya lita 10."