Pisini ya Lubumbashi: pampu ndogo ya kawaida haijasikilizwa

Pampu ya zamani ikiungua, mwenye pisini huko Golf au Bel-Air, mitaa ya Lubumbashi, hupewa majibu mawili. Fundi atasema: rudisha ileile ya nguvu ya farasi moja na nusu, mabomba yameshaizoea. Muuzaji atasema: chukua ya kasi inayobadilika, itakula umeme kidogo sana. Jibu la kwanza ni kosa na halihitaji maneno mengi. La pili ni la kweli, na ndiyo maana ni gumu zaidi kulijadili. Mimi natetea la tatu, lisilotajwa: pampu ndogo ya kawaida, ya kasi moja na nusu farasi tu.

Ukweli wake uko kwenye mzunguko wa mota. Ukipunguza kasi nusu, maji yanayopita yanakuwa nusu, lakini nguvu inayohitajika inashuka hadi sehemu moja ya nane. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwenye mita utaona kama moja ya tano hivi, kwa sababu mota na elektroniki vina hasara zao. Hata hivyo hakuna pampu ya kasi moja inayoweza kushindana nayo hapo.

Chukua pisini ya mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Ina mita za ujazo 48. Pampu ya farasi moja na nusu huvuta karibu kilowati 1.5 na kupitisha mita za ujazo kama 15 kwa saa. Ya nusu farasi huvuta kama kilowati 0.6 na kupitisha 8. Ya kasi inayobadilika, ikizungushwa nusu, hupitisha 7.5 kwa kilowati kama 0.28. Kuyapitisha maji yote kwenye filta mara moja kunagharimu kilowati-saa 4.8 kwa ya kwanza, 3.6 kwa ya pili na 1.8 kwa ya tatu. (Unaposoma kibati cha mota angalia P1, yaani umeme unaoingia. P2 ni nguvu inayofika kwenye ekseli, na ndiyo wauzaji wanayopenda kuionyesha kwa kuwa ni ndogo.)

Mtu anaweza kuuliza: basi kwa nini nisibaki na ile kubwa na kuifungia saa ya kuizima baada ya saa tatu na dakika kumi? Kwa umeme peke yake, ana hoja. Lakini majani ya mwembe na vumbi jekundu la kiangazi havingoji ratiba. Skima, yaani mdomo wa ukutani unaonyonya uchafu wa juu ya maji, ikilala saa ishirini na zaidi kwa siku, uchafu unazama. Ndiyo maana pampu kubwa huishia kuachwa saa nane, na saa nane ni kilowati-saa 12. Tena maji hayo 15 kwenye bomba la PVC la milimita 50 yanakimbia zaidi ya mita 2.5 kwa sekunde, wakati upande wa kuvuta unafaa usizidi 1.5 hivi. Umeme mwingi unaishia kupigana na kuta za bomba. Kutoka 12 kushuka hadi 3.6 ndiyo akiba kubwa kuliko zote hapa, na haihitaji elektroniki hata kidogo.

Kinachobaki kugombaniwa kati ya pampu ndogo ya kawaida na ile ya kisasa ni kilowati-saa 1.8 kwa siku, karibu 650 kwa mwaka. Zidisha kwa bei iliyo kwenye fakitire yako ya umeme, kisha ulinganishe na tofauti ya bei dukani, ambapo ya kasi inayobadilika mara nyingi ni mara tatu ya ndogo au zaidi.

Na hiyo 1.8 yenyewe imehesabiwa kana kwamba umeme hauzimiki. Pampu nyingi za kasi inayobadilika, kila zinapowaka, huanza kwa kuzunguka kwa kasi ya juu dakika kadhaa ili kuvuta maji na kutoa hewa. Ikiwa zimewekwa dakika 10, kila kuwaka ni kilowati-saa 0.25, karibu sawa na saa nzima ya kuzunguka polepole. Siku ya delestaji, yaani mgao wa umeme, ambayo umeme unakatika na kurudi mara nne, kilowati-saa 1 imekwenda kwenye kuwaka tu. Zaidi ya nusu ya faida imeliwa kabla ya jioni. Dawa ipo: kama pampu imekaa chini ya usawa wa maji ya pisini, haina haja ya kuvuta, na mashine nyingi zinaruhusu muda huo upunguzwe au ufutwe. Lakini ni ukurasa wa menyu ambao mara nyingi haufunguliwi siku ya kufunga.

Kwa anayetegemea jenereta hesabu inageuka kabisa. Jenereta ya dizeli ya kVA 10 ikibeba mzigo mdogo hunywa mafuta karibu kama isiyobeba kitu. Wati 280 au 600, tanki halioni tofauti kubwa. Linaona saa. Kuiwasha saa sita na nusu ili pampu izunguke taratibu ni kuchoma dizeli kwa jina la akiba.

Halafu kuna siku ya kuharibika, na hapa mji wa shaba una faida yake. Mota ya kawaida ya nusu farasi ikiungua, fundi wa kubobina, yaani wa kusuka upya koili za mota, anahesabu mizunguko ya waya, anapima unene wake kwa mikromita, anarudisha shaba ileile kwenye koili kuu na ile ya kuanzishia. Akitumia waya mwembamba zaidi, mota itapata joto na kurudi kwake. Akiwa ameifungua, abadilishe na sili ya ekseli pamoja na beringi, kwani mara nyingi sili iliyochoka ndiyo iliyoingiza maji. Ikiwa mota inanguruma bila kuzunguka, lakini umeme ukiwa umezimwa ekseli inazunguka kwa urahisi ukiisukuma kwa mkono, kilichokufa kwa kawaida ni kondansateri peke yake, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza. Kwenye pampu ya kisasa, rota ina sumaku na kadi ya elektroniki mara nyingi imezamishwa kwenye resini. Hainunuliwi nusu. Inasubiriwa ivuke Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na maji ya pisini yanageuka kijani wiki hiyohiyo.

Marekani, ambako kanuni iliyoanza Julai 2021 iliziondoa pampu kubwa mpya za kasi moja, pampu ndogo ziliwekewa kiwango chepesi zaidi. Hata huko waliona kwamba ubaya mkubwa ulikuwa kwenye ukubwa.

Pampu ndogo nayo ina mahali inaposhindwa. Filta ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 500 huoshwa vizuri, kwa maji yanayopitishwa kinyumenyume, ya mita za ujazo 8 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo nusu farasi iko mpakani. Ya milimita 600 inataka 12 na zaidi. Kwa nusu farasi mchanga wake hautainuka, utagandamana, na mwishowe maji yatajipasulia njia. Mwenye filta hiyo asishuke hadi nusu farasi. Kabla ya kununua, pima unachopitisha sasa: weka alama ya penseli kwenye kigae, geuza vani ya njia sita kwenye kuosha filta, washa dakika 3. Kwenye pisini yetu kila milimita ni lita 32. Yakishuka milimita 24, ni lita 768, sawa na mita za ujazo 15 kwa saa.

Volti ndogo pia ni adui wake. Ikifika 170, mota haiondoki, inanguruma na kuungua, ilhali baadhi ya zile za elektroniki huvumilia. Rele ya volti inayokata chini ya 190 na juu ya 245, yenye kusubiri dakika 3 umeme unaporudi, ni lazima. Ya kisasa inahitaji hiyo pamoja na parafudri, yaani kinga ya mshtuko wa umeme, na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, maana kinachoiua ni mshtuko wa umeme unaporudi.

Aliyeweka paneli za jua, hapo nageuka. Wati 280 mchana zinabebwa na paneli moja nzuri, na pampu inaanza taratibu, wakati mota ya kawaida huvuta mara tano au sita ya ampere zake inapoondoka na inaweza kuizima inveta ndogo. Kuanzia Mei hadi Septemba anga la Lubumbashi ni safi, pisini inazunguka mchana kutwa bila kugusa mita. Huyo anunue ya kasi inayobadilika, ila aulize kabla ya kulipa kama kadi ya akiba iko Lubumbashi au iko Johannesburg.