Kamera ndani ya mahame ya Detroit

Katikati ya mji wa Detroit, Marekani, kuna maegesho ya magari ambayo dari yake imenakshiwa kama ya kasri. Huu ulikuwa ukumbi wa Michigan Theatre, uliofunguliwa mwaka 1926. Miaka ya 1970 wenye jengo waling'oa viti na kumwaga zege la sakafu za kuegeshea magari. Nakshi za plasta zilibaki juu, kwa kuwa wahandisi walionya kwamba kuubomoa ukumbi kungelitikisa jengo la ofisi lililoshikana nao. Mahali hapohapo, mwaka 1896, ndani ya banda la uani, Henry Ford aliunda gari lake la kwanza. Gari lilizaliwa pale, likaujenga mji, kisha likarudi kulala palepale chini ya dari inayomeguka.

Nani ataipita picha ya mahali kama hapo bila kuirudia? Ndiyo maana kwa miaka mingi Detroit imevuta watu wanaopenda kupenya ndani ya majengo yaliyohamwa, kamera begani, tochi mkononi. Wenyeji wengi wamewachoka. Lawama yao ina jina la kejeli, ponografia ya magofu: mtu anakuja, anatazama mwili wa mji ulio uchi, anaburudika, anaondoka na picha ya kuuza. Wapiga picha nao wanajibu kwamba wao ndio waliobaki kuyatazama majengo hayo wakati wenyewe wameyapa kisogo. Nimezifuatilia picha hizi kwa muda mrefu kama mtazamaji tu. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja zinazopigiwa kelele zaidi ndizo dhaifu.

Tuanze na ile ya kwamba picha huokoa majengo. Mfano unaotajwa kila mara ni stesheni ya Michigan Central. Ilifunguliwa mwaka 1913, ina mnara wa ofisi wa ghorofa 18, na wasanifu wake ni walewale waliochora stesheni ya Grand Central ya New York. Treni ya mwisho iliondoka Januari 1988. Baada ya hapo ikawa gofu linalopigwa picha kuliko karibu gofu lolote nchini humo: madirisha matupu, ukumbi wa abiria uliojaa maji, kuta zilizochorwa kila rangi. Mwaka 2009 baraza la mji lilipitisha azimio la kuibomoa. Haikubomolewa. Mwaka 2018 kampuni ya Ford ikainunua kwa dola milioni 90, na Juni 2024 milango ikafunguliwa tena, vigae vya dari vikiwa mahali pake.

Ni simulizi tamu, na ina kipande kimoja ninachokipenda hasa. Muda mfupi baada ya Ford kuinunua, mtu asiyejitaja alipiga simu kwenye jumba la makumbusho akaeleza mahali alipoiegemeza saa ya stesheni, nje ya jengo tupu. Waliokwenda waliikuta. Mtu aliiiba, akaitunza miaka yote hiyo, kisha akairudisha.

Lakini picha ndizo zilizoiokoa stesheni? Itazame Packard. Kiwanda hicho cha magari, kilichochorwa na Albert Kahn, kilifunguliwa mwaka 1903 na kikatanuka hadi kufikia eneo la sakafu la futi za mraba milioni 3.5. Magari ya Packard yalikoma kutengenezwa Detroit mwaka 1956. Kwa wapenda magofu hakuna mahali palipojulikana kuliko hapo. Picha zake zilijaza vitabu vizito vya mezani na kurasa za magazeti duniani kote. Ubomoaji ulianza mwaka 2022, na miaka miwili baadaye karibu chote kilikuwa kifusi. Majengo mawili yaliyopigwa picha kupita kiasi, moja limepona, jingine limekufa. Kilichoyatenganisha ni mkoba wa Ford, iliyokuwa ikitafuta mahali pa wahandisi wake wa magari ya umeme. Mpiga picha anayejipa sifa ya uokoaji anajitwalia mafanikio ya mwenzake.

Upande wa pili nao una hoja yake iliyovimba: kwamba picha huwaonyesha wezi njia. Jengo la Lee Plaza, hoteli ya makazi ya mwaka 1929, lilikuwa na vichwa vya simba vya udongo wa kuchoma kwenye kuta zake. Zaidi ya 50 viling'olewa, na vichache vikaja kuonekana Chicago vikipamba nyumba mpya. Ni aibu, lakini anayefuata shaba, mabomba na mapambo haongozwi na kamera. Yuko mtaani kila siku, anajua nyumba ipi imezimwa umeme juzi. Alikuwa ameshafika kabla ya mpiga picha kutoka Ufaransa kukata tiketi.

Hata hivyo hofu hiyo imezaa desturi ambayo naiona ina madhara kuliko wizi wenyewe. Waingiaji wa majengo haya wana miiko mitatu: usivunje, usichukue kitu, na usitaje mahali. Miwili ya kwanza ni adabu njema. Wa tatu unalilinda jengo kwa miezi kadhaa, kisha unaliua mara ya pili, maana picha inabaki yatima. Inazunguka mtandaoni haina jina la jengo, mwaka, wala kazi iliyofanyika mle ndani. Kinachobaki ni huzuni inayopendeza. Mtu akiitazama atadhani mji uliharibika kama tunda linavyooza, lenyewe tu, bila mkono wa mtu.

Mikono ilikuwepo, tena mingi. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu 1,849,568. Sensa ya 2020 ilihesabu 639,111. Packard kilikuwa cha ghorofa, gari likipanda na kushuka kati ya sakafu na sakafu wakati wa kuundwa. Baadaye watengenezaji walitaka viwanda vya ghorofa moja vilivyotandazwa kwenye ardhi pana, na ardhi hiyo ilikuwa nje ya mji. Barabara kuu zikajengwa kuwapeleka watu huko, nyingine zikipita juu ya mitaa ya watu weusi. Weupe wakahama na kodi zao, kwa kasi zaidi baada ya machafuko ya 1967. Mikopo ya nyumba walikokwenda ilikuwa imefungiwa weusi kwa miaka. Mafuta yakapanda bei, magari ya Kijapani yakaingia. Julai 2013 mji ukatangaza kufilisika, ukiwa na deni la takribani dola bilioni 18. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoonekana kwenye picha ya piano iliyovunjika. Mwandishi wa maelezo ya picha ndiye mwenye kazi ya kukisema, na mara nyingi hayupo.

Mwaka 1995 mpiga picha Camilo José Vergara, mzaliwa wa Chile aliyeipiga picha miji ya Marekani kwa miongo, alipendekeza maghorofa ya zamani ya katikati ya Detroit, eneo la vitalu kama 12 hivi, yaachwe yasimame kama magofu ya kutembelewa, mithili ya Akropoli, magofu ya kale ya Athens, Ugiriki. Watu wa mji walikasirika. Namheshimu Vergara, kwa kuwa hurudi mahali palepale miaka nenda miaka rudi na huandika tarehe. Lakini hapo alikosea, na Kiswahili kinanisaidia kuona kosa lenyewe. Tukisema magofu fikra hukimbilia Kilwa: mawe ambayo hayana tena mtu wa kusema "kile kilikuwa chumba cha bibi yangu". Detroit mtu huyo yupo. Zaidi ya robo tatu ya wakazi ni Wamarekani weusi, na wengi wao wana mzee aliyefunga bolti ndani ya viwanda hivyo au aliyewasili kutoka Kusini mwa Marekani kwa kushuka stesheni ile. Huwezi kumtangazia makumbusho ya maiti mtu ambaye bado yuko msibani.

Na kuna jambo zito zaidi. Karibu na stesheni lipo jengo la mwaka 1936, pia la Kahn, lililokuwa la posta na baadaye ghala la vitabu la shule za Detroit. Liliungua mwaka 1987, na vitabu vingi vikaachwa humo. Vilioza vikawa udongo, miche ikaota juu yake, na picha za miche hiyo zikaenea dunia nzima. Januari 2009 watu walikwenda kucheza hoki kwenye barafu iliyoganda chini ya jengo hilo. Mmoja wao aliona miguu miwili imetokeza kwenye barafu, chini ya shimo la lifti. Alikuwa mtu asiye na makazi, amegandia humo. Habari ilimfikia mwandishi wa gazeti kabla ya polisi.

Siwezi kuiangalia tena picha ya ile miche kama nilivyokuwa nikiiangalia. Jengo tuliloambiwa ni tupu lilikuwa na watu wanaolala humo. Neno "tupu" ndilo uongo mkubwa wa picha hizi, na kamera hulisema kwa urahisi sana: mpigaji anasubiri mtu apite, ndipo abonyeze. (Hatari ya sakafu iliyooza na vumbi la asbesto mpigaji amejichagulia. Aliyelala humo hakuchagua.)

Tukija kwenye pesa, mfano uko Packard. Mwaka 2010 msanii Banksy alichora ukutani mvulana mwenye kopo la rangi nyekundu. Jumba moja la sanaa la Detroit liliukata ukuta huo na kuuondoa, likisema linaunusuru. Mwaka 2015 ukauzwa dola 137,500. Miaka miwili kabla yake, kiwanda kizima kilikuwa kimenunuliwa mnadani kwa sababu ya deni la kodi kwa dola 405,000. Kipande cha ukuta kikapata theluthi ya bei ya kiwanda, na mtaa unaokizunguka ukabaki na vumbi.

Pamoja na hayo yote, ningeulizwa kama waingiaji wafungiwe, ningesema hapana. Packard hakipo. Tusingekuwa na picha zao, sehemu kubwa ya miaka yake 60 ya mwisho ingebaki kwenye makaratasi ya kodi na ripoti za moto. Ninachodai ni kidogo: waweke tarehe na kazi ya jengo siku ileile. Jina na mtaa, kama wanaogopa wezi, wavitoe baadaye, jengo likishafungwa au kuanguka. Na aliyekutwa ndani aulizwe kama anataka kuonekana.

Nina picha moja ya Packard niliyoihifadhi siku nyingi, bila jina la mpigaji, tarehe wala namba ya jengo, katika kiwanda kilichokuwa na majengo kadhaa. Inaonyesha theluji, tairi kuukuu, na lile daraja la kuunganisha majengo juu ya barabara ya East Grand. Mwaka 2015 mwenye kiwanda alilifunika daraja hilo kwa turubai lililochapwa picha ya daraja lenyewe lilivyokuwa enzi zake. Kwenye picha yangu turubai halipo. Januari 2019 daraja liliporomoka. Basi nimeandika kwa penseli, nyuma ya karatasi: kabla ya 2019, labda kabla ya 2015.