Kumpigia mbunge simu kuhusu haki za LGBT: inasaidia ama inaharibu zaidi?

Kwa simu yangu niko na magrupu mawili ya WhatsApp ambayo hayawezi kukaa chumba kimoja. Moja ni la watu wanaotetea haki za LGBT, yaani mashoga, wasagaji na wenzao, hapa Kenya, lingine ni la jumuiya yetu ya kanisa, na kila Mswada wa Ulinzi wa Familia, ule wa kuongeza adhabu za ushoga, ukirudi kwa midomo ya watu, yote mawili yanatuma kitu kilekile: orodha ya namba za wabunge na meseji iko tayari, wewe kazi yako ni kukopi na kupesti tu. Tofauti ni neno moja, huku wanasema "pinga", kule wanasema "pitisha". Nimeyaangalia kwa muda mrefu na nataka tuliongelee hili jambo vizuri, juu watu wengi upande wetu sisi watetezi wanadhani kampeni ya kumfikia mbunge ni kutuma meseji nyingi iwezekanavyo, na mimi naona hapo ndio tunajichimbia shimo.

Kwa wale hawakufuatilia, Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili NGLHRC, shirika linalotetea haki za mashoga na wasagaji, kesi iliyozunguka kortini karibu miaka kumi. Korti haikuhalalisha ndoa na haikugusa kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu chenye kifungo cha hadi miaka 14. Ilichosema ni kwamba watu wana haki ya kuungana na kusajili shirika lao, basi. Lakini mtaani habari ilifika ikiwa imeshageuka, eti ushoga umeruhusiwa, hasira ikapanda, na mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, akaandaa huo mswada wa kuongeza adhabu, hata ya kifo kwa hali fulani. Pia alienda kortini kuomba uamuzi uangaliwe upya na Septemba 2023 akakataliwa. Mswada wenyewe haujawa sheria lakini pia haujazikwa.

Niseme kwanza kuhusu wanaounga mkono mswada, juu nawajua, ni watu naimba nao kwaya. Hawatumi zile meseji kwa sababu wanachukia tu. Wanasema Katiba kifungu cha 45 kinataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti na wananchi waliipigia kura hiyo 2010, wanaona majaji watano wamekaa Nairobi wakaamua kitu ambacho kijijini hakingepata kura, na wanaona pesa za mashirika ya nje zinasukuma mambo ambayo wao hawakuulizwa. Wanaogopea watoto wao pia. Mengi ya hayo mimi sikubaliani nayo, lakini hilo la kutoulizwa ni malalamishi ya kweli na ukilipuuza huwezi kuelewa kwa nini mbunge anawaskiza wao haraka kuliko wewe. Na haki yao ya kumpigia mbunge ni sawasawa na yangu.

Sasa upande wetu. Hoja ya kwanza ya kufanya kampeni ni kwamba Katiba inaruhusu wazi kabisa, kifungu cha 118 kinataka bunge lishirikishe wananchi na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Kumwandikia mbunge si kosa hata kidogo, 162 inaadhibu kitendo, haiadhibu kusema. Hoja ya pili ni nzito zaidi: tukinyamaza mbunge anaskia sauti moja tu. Kama hajawahi kuskia mtu wa wadi yake akisema huyo unayemuongelea ni mtoto wangu, ataendelea kuamini hao watu wako Ulaya ama kwa mahoteli ya Nairobi, na atapiga kura hivo na usingizi atapata.

Watu huniambia, si tuliona 2024 na Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru? Kweli tuliona. Namba za wabunge zilisambazwa, simu zao zikajaa meseji mpaka wengine wakazima, na ile Juni 18 mambo kadhaa yakatolewa, ushuru wa mkate ukaondoka, ule wa asilimia 2.5 wa magari ukaondoka. Lakini angalia kilichofuata. Juni 25 wabunge 195 walisema ndio, 106 wakasema la, baada ya meseji zote hizo. Kilichofanya rais akatae kuutia sahihi kesho yake ni barabara zilizojaa na vijana waliokufa, si simu. Kwa hivo hata pale ambapo karibu nchi nzima ilikuwa upande mmoja, meseji zilipunguza makali ya mswada, hazikuuzuia.

Na hapo tulikuwa wengi. Mkate unaliwa na kila mtu. Haki za LGBT ni haki za watu wachache katika nchi ambayo wengi wanapinga, na ukiifanya iwe mashindano ya nani ametuma meseji nyingi, umechagua uwanja ambao utashindwa kabla ya kuanza. Tukituma elfu moja, jumuiya moja ya kanisa na msikiti mmoja zinatuma elfu kumi kabla ya saa sita, bila hata kujikaza. Mombasa Septemba 2023 waumini walijaa barabarani kupinga ule uamuzi wa korti. Karani wa mbunge akihesabu, anampelekea mkubwa wake hesabu inayosema pitisha. Yaani kampeni yetu wenyewe inakuwa ushahidi wa upande wa pili.

Halafu kuna usalama, na hapa naomba watu wanaopanga hizi kampeni waniskize. Nimeona fomu za mtandaoni zinazouliza jina kamili, namba ya simu, eneobunge, na eti "wewe ni nani kati ya hawa", herufi moja moja ya LGBT. Hiyo fomu inakaa wapi? Nani ako na paswadi? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za mapenzi ya mtu kuwa data nyeti, lakini hata sheria isingekuwepo, sisi tunajua kilichompata Edwin Chiloba, mwili wake ulipatikana Januari 2023 ukiwa ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara, Uasin Gishu. Sisemi aliuawa juu ya orodha ya majina, hapana. Nasema hii nchi si mahali pa kukusanya majina ya watu hivo ovyo. Na ombi rasmi la bungeni linataka jina, anwani na sahihi, likishaingia ni karatasi ya umma. Kijana wa miaka 22 anayeishi kwa nyumba ya mjomba wake hafai kuambiwa atie sahihi kwa sababu tu mtu wa afisi fulani anataka kuonyesha wafadhili idadi.

Wacha niwaambie kitu nilichokiona mwenyewe. Kuna mama namjua, mwanawe wa kwanza ni shoga, amelijua hilo miaka kadhaa na wamelilia pamoja na sasa wanaishi. Siku ya basari aliniomba tuandamane afisi ya CDF, zile pesa za eneobunge, alikuwa anafuata karo ya binti yake mdogo. Mnajua zile foleni, kutoka asubuhi, fomu imekunjwa mara nne, watu wamekalia mawe, mtoto analia, PA, msaidizi wa mbunge, anapita akisema "mheshimiwa yuko njiani". Alipofika kweli na akaanza kusalimia foleni, huyu mama alitoa karatasi ya daftari la mazoezi aliyokuwa ameikunja ndani ya fomu ya basari. Hakuisoma. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, nimeskia Uganda ukikaa na mtoto kama huyo bila kumripoti unafungwa. Huo mswada wenu, na mimi nitafungwa?" Mbunge alisimama. Mimi nilitarajia aseme kitu cha jukwaani, lakini aliangalia kando kidogo, akamuuliza, "Mama unatoka wadi gani?" Akamwambia. Akachukua ile karatasi akaiweka mfuko wa koti, si kwa PA, kwa koti yake. Basi, dakika moja hata haikuisha.

Sijui alipiga hesabu gani kichwani na sitajifanya alibadilika. Ninachojua ni kwamba kwa ile dakika alikuwa anaongea na mpiga kura wake na si na "ajenda". Meseji elfu moja za kopi na pesti hazingepata hiyo dakika.

Na tuko na mfano wa hapa hapa nyumbani wa kazi ya polepole ikizaa. Watu waliozaliwa na jinsia isiyo wazi, huntha, miaka kumi na tano iliyopita walikuwa hawatajwi kwa sheria yoyote hapa. Mama wa mmoja wao alienda kortini, 2014 Mahakama Kuu ikaamua kesi ya yule mtoto aliyeitwa Baby A, ikaja kamati maalum ya Mwanasheria Mkuu, sensa ya 2019 ikawahesabu, 1,524, halafu Sheria ya Watoto ya 2022 ikawatambua. Ni bunge lilelile tunalolilalamikia. Najua mtu atasema mambo ya huntha ni tofauti, ni ya kimaumbile, viongozi wa dini hawayapingi sana, na ni kweli, siwezi kusema njia ni moja na milima ni sawa. Lakini ona aliyebeba ile kesi: alikuwa mama akiuliza mtoto atapataje cheti cha kuzaliwa. Aliomba kitu kidogo ambacho mtu akikikataa anajisikia vibaya.

Ndio maana mimi nikiona meseji ya kampeni inayoanza na ndoa naifuta. Hakuna mbunge hapa anayeweza kuiunga mkono akarudi nyumbani. Uganda Machi 2023, wakipigia kura mswada wao wa kupinga ushoga, kati ya wabunge kama 389 waliokuwa ukumbini, wawili tu walipinga, na mmoja wao, Fox Odoi, alisimama na ripoti ya wachache kama mti uwanjani. Sheria ikapita. Lakini mwaka uliofuata, Aprili 2024, Mahakama ya Katiba ya Uganda, iliyoacha karibu sheria yote isimame, ilitupa kile kifungu cha kulazimisha watu kuripoti na vile vya kukodisha nyumba. Yaani hata majaji ambao hawakuwa upande wetu waliona hapo imepita kiasi. Hayo ndio mambo ya kumwambia mbunge: landilodi asifungwe, nesi asiogope kumtibu mtu, mama asigeuzwe polisi wa mwanawe. Mbunge anaweza kuuliza hilo swali kwa kamati bila kuitwa mtetezi wa ushoga, anaitwa mtetezi wa mama.

Kuna wenzetu wananikasirikia hapa. Wanasema nikiomba vidogo nakubali kwamba sisi ni nusu binadamu, na kwamba haki haiombwi kwa kunong'ona. Naielewa hiyo hasira, naiheshimu. Na kuna siku ya kupaza sauti, kortini kwa mfano tuliomba yote na tukapata kiasi. Ila mbunge si jaji. Jaji hapigiwi kura Agosti 2027. Marekani kwenyewe, kwenye uhuru wote ule, walipopitisha sheria ya kulinda ndoa hizo Desemba 2022, seneta Tammy Baldwin na wenzake walikubali kura isogezwe mpaka uchaguzi wa Novemba upite, na wakaongeza maneno ya kulinda makanisa, ndio wakapata Warepublican 12, ikapita Seneti 61 kwa 36. Kwa hivo kumsukuma mbunge wa Kenya jambo hili wakati kampeni za uchaguzi zimepamba moto ni kumpa zawadi mpinzani wake.

Na tafadhali tusiombe watu wa nje watume barua pepe. Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda Agosti 2023 na sijaona mbunge hata mmoja wa kule akilegea, badala yake walipata hotuba nzuri ya kusoma. Barua kutoka London kwa mbunge wa Kenya ni kitu anachoenda kuonyesha watu matangani.

Kwa hivo ningekuwa napanga mimi, ningetafuta watu kumi tu kwa eneobunge, wapiga kura halisi, mama, ndugu, daktari, hata padri kama yuko, kila mmoja aandike kwa mkono wake na aende kwa miguu yake, na majina ya vijana wenyewe yasitajwe popote.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja wa Likoni haya yote, nikidhani atafurahi. Alinyamaza sana. Halafu akaniambia, "Sawa, unataka mama aende aongee na mbunge. Mamangu hajui. Akijua leo, mimi leo nalala wapi?" Sikuwa na jibu na bado sina. Watu kama yeye ndio wengi, na kampeni yoyote inayotegemea familia itawaacha nje mpaka mama za watu wengine watangulie.